Gari la nitro: uliwashe bodi ikiwa juu, au uivue kwanza?

Mpwa wangu aliniuliza swali hili akiwa amechuchumaa chini ya mwembe, kamba ya stata mkononi: "Mjomba, kwa nini kila siku tunavua bodi, hili ganda la juu la gari? Wenzetu kwenye video wanawasha hivyo hivyo ikiwa juu." Siku ile nilimjibu kwa kifupi, maana jua lilikuwa linapanda na mafuta yalishaingia tangini. Hapa nataka kumjibu vizuri, yeye na yeyote aliyenunua gari la nitro, yaani gari dogo la rimoti lenye injini ya mafuta, akabaki anajiuliza hilo hilo. Tangu tuanze kucheza na magari haya hapa Isevya, Tabora, nimewasha kwa njia zote mbili.

Msimamo wangu nausema mapema. Ukiwasha mara ya kwanza kwa siku, injini ikiwa ya baridi, vua bodi. Ukiwasha tena baadaye, injini ikiwa bado ina joto, unaweza kuiacha bodi juu kwa sharti moja: uwe na uhakika wa kuizima injini ndani ya sekunde mbili bila kugusa hata pini moja ya bodi. Watu wengi hupanga wataiwashaje. Mimi naona uamuzi wa bodi unategemea zaidi utaizimaje, na hilo nitalirudia chini kwa sababu lilinigharimu injini.

Gari lenyewe kwa ufupi

Ni gari la rimoti lenye injini ya kweli ya tustroki, jamaa ya karibu ya ile ya jenereta dogo la kuvuta kamba, ila hii ni ndogo ya kushikika kiganjani: ujazo wa cc 2.11 kwa magari mengi ya moja kwa kumi (yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), cc 3.5 kwa yale makubwa ya moja kwa nane. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Kwenye magari, nitromethani huwa mara nyingi kati ya asilimia 16 na 25. Kituo cha mafuta cha hapa mjini hakiuzi kitu hicho, na petroli haiwezi kuchukua nafasi yake. Plagi ya injini hii haitoi cheche. Ina waya mwembamba wa platini unaopashwa moto na betri ndogo ya volti 1.2 hadi 1.5 wakati wa kuwasha. Injini ikishika, methanoli inayokutana na ile platini huufanya waya uendelee kuwa mwekundu hata betri ikiondolewa. Aliyezoea hita plagi za gari la dizeli ataelewa upesi, na mimi nitaiita hivyo hivyo, hita plagi.

Bodi ni ganda la polikaboneti, jepesi, linalopakwa rangi kwa ndani. Hukaa juu ya nguzo nne na kushikiliwa na pini nne.

Bodi ikiwa nje, unapata macho

Faida kubwa ya kuvua bodi ni kuuona mpira wa mafuta. Mpira huo unaruhusu mwanga kupita na mafuta yetu yana rangi ya waridi, kwa hiyo kila kinachotokea ndani unakiona. Unaziba mdomo wa ekzosi kwa kidole, injini ikiwa ya baridi, unavuta kamba polepole. Mvuto wa kwanza, mafuta yanatoka tangini na kusimama katikati ya njia, viputo viwili vitatu vikitangulia. Mvuto wa pili yanasogea hadi kwenye pindo la mpira. Mvuto wa tatu yanagusa kabureta, na hapo hapo unaachia kidole. Ukivuta tena ukiwa umeziba, umezidisha.

Bodi ikiwa juu unafanya yale yale kwa kukisia, na anayekisia huzidisha. Mafuta yakijaa juu ya pistoni hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Kamba inakuwa ngumu ghafla, inasimama kama imefungwa kwenye ukuta. Kijana mwenye nguvu akilazimisha hapo, atakata kamba au atapinda konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Dawa yake ni kufungua hita plagi, kuligeuza gari kichwa chini, na kuzungusha injini hadi mafuta yote yaruke nje, na kazi hiyo huifanyi bila kuvua bodi. Kwa maneno mengine, aliyeacha bodi juu ili aokoe dakika moja anajikuta ameivua vilevile, na gari limelowa mafuta.

Cha pili ni hita plagi yenyewe. Injini ikikataa, mimi huanza na plagi kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta. Naifungua, naichomeka kwenye kiwashio (kile kishikio chenye betri ndogo ya kuipasha), naiangalia kivulini. Waya wote uwake rangi ya chungwa inayong'aa. Ukiwa mwekundu hafifu, au ukiwaka nusu tu, tatizo ni betri ya kiwashio au plagi imechoka. Hapa kwetu umeme ukikatika usiku na kiwashio kilikuwa kwenye chaja, asubuhi ndiyo hali unayoikuta. Nimeona watu wakizungusha sindano ya kabureta, skrubu ya kupima mafuta, nusu saa nzima, injini ikiwa nzima kabisa na betri ikiwa imekufa.

Cha tatu ni mkono wa resi. Unawasha rimoti kwanza, kisha gari, halafu unavuta na kuachia kifyatuo huku ukitazama kabureta: inafunguka, inarudi, inabaki na mwanya mwembamba wa kama milimita moja. Kazi ya sekunde tano. Bodi ikiwa juu utasikia sauti ya servo tu, yaani mota ndogo inayousogeza mkono wa resi, na servo inaweza kulia vizuri hata kama kiungo chake kimechomoka.

Bodi ikiwa juu, unapata wakati

Wanaowasha bodi ikiwa juu wana sababu zao za haki. Kwenye mashindano ya magari ya moja kwa nane ya barabara ya vumbi, fainali ya dunia hukimbiwa saa nzima. Gari huingia kujazwa mafuta mara nyingi, na kizibo cha tangi hufunguliwa kupitia tundu la bodi. Injini ikizimika katikati, fundi aliyesimama pembeni hulikamata gari, hulikandamiza kwenye boksi la stata (boksi lenye mota ya kuzungusha injini kutoka chini), hubandika kiwashio, na gari linarudi njiani. Hakuna anayegusa pini. Injini ikiwa ya moto hukubali haraka, na kila sekunde inayopita inapoa.

Sisi hatushindani, lakini hata uwanjani pini nazo ni tatizo la kweli. Ardhi ya Tabora ni mchanga mtupu sehemu nyingi. Pini ikianguka Agosti, vumbi likiwa la kifundo cha mguu, umeiaga. Nimezifunga zangu kwa uzi wa kuvulia samaki, kila pini kwenye nguzo yake, na tangu hapo sijapoteza hata moja. Kuna jambo jingine: kila bodi inapovuliwa na kurudishwa, matundu ya nguzo yanalika kidogo kidogo hadi yanachanika. Anayevua mara kumi kwa siku ataliona hilo ndani ya miezi michache.

Na magari hayalingani. Bagi, lile gari la mbio za vumbi, ya moja kwa nane ina bodi nyembamba ambayo kichwa cha injini kinatokeza juu yake, kwa hiyo swali hili halimsumbui sana mwenye bagi. Wanaohangaika ni wenye gari la barabarani lenye bodi ya saluni inayofunika kila kitu, na wenye magari ya matairi makubwa yenye bodi ya pikapu.

Stata uliyo nayo inabadilisha jibu

Stata ya kamba na bodi ni maadui. Kamba inatakiwa ivutwe kwa mstari ulionyooka, mivuto mifupi ya haraka, kama sentimita 30, bila kufika mwisho wa kamba. Ukivuta kupitia pembeni mwa bodi, kamba inapita kwenye ukingo wa polikaboneti na kujisugua pale kila mvuto. Usishangae ikianza kutoa nyuzi. Tena mkono mmoja unavuta, mwingine unatakiwa ulibane gari chini; ukilibana juu ya paa la bodi, unaikandamiza hadi iguse kichwa cha injini. Mwenye kamba nitamwambia kila mara avue.

Stata ya mkono ya umeme, ile inayofanana na drili na kuingiza mhimili wake nyuma ya injini, iko katikati. Kama injini yako ina tundu hilo la pembe sita kwa nyuma na mhimili unafika bila kusukuma bodi, unaweza kuiacha. Bonyeza kwa sekunde chache tu, pumzisha, bonyeza tena. Ikigoma kuzunguka, acha mara moja: hiyo ni dalili ile ile ya mafuta kujaa, na mota ya umeme haina huruma kama mkono wako. Mkono unasikia ugumu. Mota inapinda konrodi bila kukuuliza.

Kuna magari, kama ya Traxxas yenye mfumo wa EZ-Start, ambayo mota ya kuwashia imefungwa ndani ya gari. Unachomeka kidhibiti cha mkononi chenye betri, na waya huo huo unapasha na plagi. Haya ndiyo rafiki wa bodi kuliko yote, kwa sababu huna haja ya kufikia plagi kwa kiwashio.

Boksi la stata ndilo chaguo langu. Gari linakaa juu ya boksi, gurudumu la mpira linaigusa flaiwili, gurudumu la chuma la injini, kupitia tundu chini ya chesesi, unakandamiza, injini inazunguka. Bodi haihusiki kabisa, mradi juu kuna tundu la kiwashio. Maboksi mengi hutumia volti 12, na hapa Tabora hilo ni jambo jema: betri iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya kwenye UPS, inafanya kazi asubuhi nzima na ni rahisi kuipata kuliko betri maalumu za magari haya. Hata injini yenye stata ya kamba inaweza kuwashwa kwa boksi ikiwa chesesi ina tundu chini ya flaiwili. Angalia chini ya gari lako kabla ya kununua.

Utaizimaje?

Mwaka juzi nilikuwa nimemaliza kupaka bodi mpya, ya kijani na mstari mweupe, na kwa kweli nilitaka ionekane. Nikawasha gari ikiwa juu. Sikujua kwamba waya wa antena, niliokuwa nimeupitisha upya asubuhi ile, ulikuwa umelegea chini ya bodi na kunaswa kwenye kiungo cha resi. Injini ilishika kwa mvuto wa kwanza na kupanda moja kwa moja hadi mwisho wa sauti yake. Kama umewahi kuisikia injini ya nitro ikienda mbio bila mzigo, unajua: inalia kama msumeno.

Nilifanya nilichozoea, nikatafuta mpira wa mafuta niubane. Mpira ulikuwa chini ya bodi. Nikaanza na pini ya kwanza. Uzi ukajifunga kwenye kidole. Pini ya pili ikatoka. Mpwa wangu akapiga kelele, "Mjomba, ekzosi!" Nikachukua kitambaa nilichokuwa nimefutia mikono, nikakisukuma kwenye mdomo wa ekzosi, na injini ikafa papo hapo. Nadhani ilikuwa sekunde kumi na tano. Nilipoifungua jioni, konrodi ilikuwa inacheza kwenye krenki kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Injini ile haikurudi.

Kwa hiyo, kabla hujaamua habari ya bodi, pitia njia zako za kuzima. Kubana mpira wa mafuta kunahitaji bodi iwe nje, na hata hivyo injini inamalizia kwanza mafuta yaliyobaki kwenye kabureta. Kuziba mdomo wa hewa nako, chujio liko ndani. Bodi ikiwa juu unabakiwa na mbili: kuziba ekzosi kwa kitambaa kinene au kizibo cha mpira, bila kutumia kidole kwa kuwa wakati huo ni ya moto, au kukandamiza flaiwili kutoka chini kwa mpini wa bisibisi uliozungushiwa kitambaa. Ya kwanza ndiyo ya kuitegemea. Kama mdomo wa ekzosi ya gari lako umefichwa ndani ya bodi, ukate bodi hadi mdomo utokeze, au usiwashe bodi ikiwa juu. Na kitambaa kikae mfukoni mwa anayewasha. Kikiwa kwenye begi, hakikusaidii.

Niongeze la moto. Methanoli ikiwaka mchana wa jua, mwali wake ni hafifu wa bluu na huwezi kuuona kwa urahisi. Bodi ikiwa nje utaona joto likitikisa hewa, utaona mpira ukinywea. Ikiwa juu, utagundua rangi inapoanza kuvimba. Sisi huwa na ndoo ya maji karibu. Methanoli huchanganyika na maji, kwa hiyo maji mengi yanaizima. Mafuta yenyewe ni sumu na hupita kwenye ngozi, basi watoto wasiyaguse, na asiyasafirishe mtu ndani ya basi la abiria.

Ukichagua kuiacha juu, kata matundu vizuri

Fundi mmoja wa bodaboda alitaka kunisaidia kutoboa bodi kwa msumari wa moto, kama watu wanavyotoboa ndoo za plastiki. Nilimshukuru nikamzuia. Msumari wa moto huacha ukingo mgumu wenye mikunjo, na ufa huanzia hapo hapo gari likipinduka mara ya kwanza. Tumia mkasi mdogo uliopinda au toboa polepole kwa mkono, kisha lainisha ukingo kwa msasa mwembamba. Tundu liwe la mviringo daima. Kona kali ndiyo mama wa nyufa. Juu ya kichwa cha injini acha nafasi ya upana wa kidole pande zote. Kwenye tangi, tundu lipitishe kizibo kikiwa kimefunguka kabisa, na siyo mdomo wa chupa tu. Polikaboneti huanza kulainika karibu na nyuzi 147, kwa hiyo bodi isiguse bomba la ekzosi popote. Inua bodi kwenye nguzo tundu moja juu kama inagusa.

Fungua pia kioo cha mbele. Hewa inahitaji kuingia, na inahitaji pa kutokea nyuma. Vumbi litaongezeka, ndiyo. Kwa mchanga wa kwetu, sponji ya chujio ilowekwe mafuta yake na isafishwe kila siku ya kucheza, bodi iwe juu au nje.

Kuseti kabureta

Hapa bodi inashinda bila ubishi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Dar es Salaam. Gari lililosetiwa pwani likifika hapa linakuwa na mafuta mengi kuliko hewa: linatoa moshi mzito na kupanda resi kwa uvivu. Utataka kufunga sindano kidogo, tuseme sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mshale wa saa unavyotoka saa moja kwenda saa mbili. Lakini ukifanya hivyo bodi ikiwa nje, injini inapigwa na upepo wote na kuonekana ya baridi, unafunga tena, unafurahi. Ukirudisha bodi, joto linapanda na injini iko kavu, yaani mafuta ni machache kwa hewa iliyopo. Kwa hiyo washa bodi ikiwa nje, iache ipate joto, rudisha bodi, endesha mizunguko mitatu minne, ndipo uguse sindano kupitia tundu lake. Kichwa cha injini kiwe kati ya nyuzi 100 na 130 hivi. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la maji: likikauka papo hapo kwa kuchemka, imezidi, fungua sindano.

Mpwa wangu ana gari la kamba lenye bodi ya saluni. Yeye namwambia avue kila mara, asubuhi na mchana, mpaka tutakapompatia boksi. Mimi asubuhi navua, nikishaseti sivui tena hadi jioni. Jioni wote tunavua, maana mafuta yaliyobaki lazima yachomwe hadi injini ijizimikie yenyewe, plagi ifunguliwe, matone machache ya mafuta ya kulainisha yaingie, na injini izungushwe mara kadhaa. Methanoli huvuta unyevu hewani, na ikilala ndani usiku kucha, beringi za krenki zinaamka na kutu.